Betri niiweke wapi? Nakujibu na kovu langu

Juzi kijana mmoja wa Magu, mkoa wetu wa Mwanza, anayejiundia gari, kaniandikia: "Kaka, chesisi nimeshachomelea, injini imekaa, betri niiweke wapi?" Nikacheka, kisha nikakitazama kiganja changu cha kushoto.

Kwenye gari langu la kujiundia, betri niliiweka nyuma, kwenye buti. Injini ya Toyota Starlet ilishailemea pua ya gari, na kilo 15 za betri zikirudi nyuma gari linatulia. Hapo sikukosea, na shemeji yangu alijue hilo. Nilikosea njia ya waya. Nilitoboa bati la nyuma ya kiti, nikapitisha waya wa chanya kwenye tundu tupu, bila mpira wa kuukinga na ukingo wa bati. Fundi umeme mmoja pale Mabatini akaniambia, "Mzee, bati ni kisu hilo." Nikamwona ana wivu.

Wiki ya tatu natoka Usagara. Buhongwa nimeipita salama, nakaribia Mkolani, moshi huo chini ya kiti! Bati limekula ganda la waya, chanya imegusa bodi ambayo ndiyo hasi, na fyuzi hakuna hata moja. Spana namba 10 iko nyumbani. Nikaung'oa waya kwa mkono. Mama muuza dagaa kaja na ndoo ya maji, namzuia huku nalia. Bodaboda wanapiga picha. Shemeji bado anairusha ile picha kwenye grupu la familia kila Krismasi.

Sasa iko hivi: betri imefungwa kwa mkanda wa chuma, ndani ya boksi lenye bomba la kutoa hewa nje, maana betri ya maji ikichajiwa hutoa haidrojeni. Swichi kuu iko jirani yake. Waya wa dashibodi una fyuzi sentimita 20 tu kutoka kwenye betri. Kila tundu lina mpira, waya umebanwa kila shubiri, mbali na ekzosi. Waya wa stata, mota ya kuwashia injini, nilitoa wa milimita za mraba 16, nikaweka 35, kwa sababu mita nne ni safari ndefu, waya mwembamba hupoteza umeme njiani. Na ethi, yaani waya wa hasi, nene kutoka injini hadi chesisi, kwani injini imekalia raba isiyopitisha umeme.

Ndugu zangu, tunanunua taa za rangi kabla ya fyuzi! Mnataka kupigiwa makofi Kirumba wakati chini ya zulia nyaya zimelala kama tambi. Mpira wa tundu ni bei ya andazi. Fyuzi, fyuzi, fyuzi.

Wewe wa Magu, nitumie picha ya hilo tundu kabla hujapitisha waya. Shemeji leo nimemwondoa kwenye grupu.