Maswali yenu kuhusu nanga za kina kirefu

Tangu tuzungumzie mitambo ya mafuta inayoelea, wengi mmeuliza kuhusu kile kinachoishikilia huko chini. Nimeyachagua maswali haya.

Meli hutia nanga popote na mambo yakaisha. Kwa nini mtambo usifanye vivyo hivyo?

Meli hukaa siku chache, na upepo ukizidi hung'oa nanga ikaondoka. Mtambo huweza kukaa palepale miaka 20, juu ya maji ya kina cha mita 1,000 au 2,000, ukiwa umeunganishwa na mabomba ya mafuta yasiyostahimili kuvutwa ovyo. Kwa hiyo kila nanga huwekwa mahali pake palipopimwa, mara nyingi kabla mtambo wenyewe haujafika.

Nasikia kuna nanga zinazofyonza. Huzamaje ardhini bila nyundo?

Hizi ndizo zinazonivutia kuliko zote. Ni silinda ya chuma iliyozibwa juu na kuachwa wazi chini, kama kopo lililofunikwa kifudifudi. Kipenyo huwa mita kadhaa, na urefu huweza kupita mita 20. Hushushwa matundu ya mfuniko yakiwa wazi ili maji yapite. Ikifika kwenye tope, huzama kiasi kwa uzito wake yenyewe. Hapo roboti ya chini ya maji huyafunga matundu, huunganisha pampu na kuanza kutoa maji yaliyobaki ndani. Shinikizo la ndani likipungua, bahari iliyo juu huukandamiza mfuniko. Fanya hesabu: silinda ya kipenyo cha mita 5 ina mfuniko wa karibu mita 20 za mraba, na tofauti ya angahewa moja tu, yaani shinikizo la kawaida la hewa kwenye usawa wa bahari, huleta msukumo wa takriban tani 200.

Pampu ikikazwa kupita kiasi, udongo ulio ndani hupanda na kuijaza silinda kabla haijafika kina kilichokusudiwa. Mwendeshaji makini hutazama kina na shinikizo kwa pamoja, akivilinganisha na hesabu za wataalamu wa udongo, na hamsikilizi anayemhimiza aharakishe. Tena pete ya kufungia mnyororo haiko juu. Huwekwa ubavuni, chini kabisa ya usawa wa tope, ili nanga ikivutwa isipinduke. Ndiyo maana ni lazima upande wa silinda wenye pete uelekee mtambo. Ikikaa vibaya, maji hurudishwa ndani kwa pampu, ikapanda, kazi ikaanza upya.

Na penye mwamba?

Hapo ufyonzaji haufai. Hutobolewa shimo, nguzo ikatiwa ndani na kushikizwa kwa saruji.

Dude la tani 100 na zaidi husafirishwaje?

Hulazwa juu ya vitako vya chuma kwenye sitaha ya meli ya kazi au tishari, likafungwa kwa vyuma vya kuchomelea, maana meli ikienda mrama mzigo huo ukifunguka hauzuiliki. Safari yenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni kulisimamisha na kulipitisha kwenye uso wa maji. Mawimbi hulipiga mfuniko kwa chini, maji huingia na kunaswa ndani, na uzito unaoning'inia kwenye kreni hubadilika ghafla. Kina kikiongezeka, waya mrefu huanza kunyumbuka, na mdundo wake ukilingana na mdundo wa mawimbi mzigo hurukaruka. Kwa hiyo wakubwa wa kazi husubiri bahari itulie, hata kama kila siku ya kusubiri ni gharama.

Kwa nini msishushe mnyororo mtupu kuanzia juu hadi chini?

Uzito. Mnyororo wa unene wa milimita 100 una takriban kilo 200 kwa kila mita, kwa hiyo mita 2,000 ni tani 400, na huo ni mmoja tu. Kampuni ya mafuta ya Brazil, Petrobras, ilitangulia, miaka ya 1990, kuweka kamba nene za poliesta katikati, na mnyororo ukabaki juu na chini. Poliesta ni nyepesi majini, ila haitakiwi kuburuzwa kwenye tope, kwani chembe za mchanga huingia na kuzikata nyuzi.

Mume wangu ameajiriwa kwenye meli za nanga. Niwe na hofu?

Dada, ni kazi yenye hatari ya kweli, na ni haki yako kuuliza. Tarehe 12 Aprili 2007 meli ya Norway, Bourbon Dolphin, ilipinduka magharibi mwa visiwa vya Shetland ikihamisha nanga ya mtambo kwenye kina cha takriban mita 1,100. Watu 8 kati ya 15 walifariki. Meli ilikuwa mpya, haijatimiza hata mwaka kazini. Mnyororo uliosogea upande mmoja tezini uliiinamisha, na tume ya uchunguzi ilieleza kwamba chanzo hakikuwa kosa moja bali mengi yaliyoungana. Muulize mumeo mambo mawili: je, hesabu ya uthabiti wa meli imefanywa kwa uzito wa mnyororo wa kazi hiyohiyo? Na je, baharia wa cheo chochote anaruhusiwa kusimamisha kazi? Akisita kujibu, ayapeleke maswali hayo kwa nahodha kabla meli haijang'oa nanga.