Maswali na majibu: Giaboksi ikiwa chini

Meseji nyingi za wiki hii zinahusu klachi, kwa hiyo maswali mengine yatasubiri. Nimezifupisha kidogo.

Habari za kazi, fundi. Hiace yangu ikipanda mlima na abiria inapiga resi sana lakini mwendo hauongezeki. Fundi mmoja anasema klachi imeisha, mwingine anasema nozeli. Nimwamini nani? (Dereva, Morogoro)

Salama, kaka. Nozeli zikichoka, injini yenyewe inakosa nguvu na resi haipandi. Wewe resi inapanda, magurudumu ndiyo hayafuati. Hiyo ni klachi inateleza.

Hakikisha mwenyewe kabla hujalipa mtu kushusha giaboksi. Simamisha gari mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta hendibreki mpaka mwisho, weka gia ya nne, ongeza mafuta kidogo, kisha achia klachi. Injini inatakiwa izime papo hapo. Ikiendelea kunguruma huku gari limetulia, klachi haishiki. Fanya mara moja tu, kwa sababu kila jaribio linaiunguza zaidi.

Ila anza na pedeli. Ibonyeze kwa kidole: inatakiwa ishuke kidogo bila uzito wowote kabla haijaanza kukaza. Kwenye Toyota nyingi nafasi hiyo ni milimita 5 hadi 15. Kama haipo kabisa, huenda klachi inabaki kama imekanyagwa nusu muda wote, na dawa yake ni kurekebisha fimbo ya pedeli. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Fundi ameniambia ninunue seti nzima: pleti, presha na beringi. Mimi naona pleti tu ndiyo imeisha. Ananiongezea gharama? (Mwenye gari, Dar es Salaam)

Hapana, dada. Huyo anakutakia mema. Pleti ndiyo sahani inayosuguana, presha huibana kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), na beringi ya rilizi husukuma vidole vya presha ili iachie. Gharama kubwa ya kazi hii ni kushusha na kupandisha giaboksi. Ukiweka pleti mpya juu ya presha ambayo vidole vyake vimelika, au ukaacha beringi ya rilizi iliyokwisha kukauka, utalipa ufundi huohuo mara ya pili. Na ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, inayopokea ncha ya shafti ya giaboksi, wengi huisahau. Mwambie aitazame nayo.

Ukienda kununua kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, beba pleti ya zamani. Linganisha upana wa duara na hesabu meno ya katikati, na kabla ya kufunga chochote, pleti mpya ijaribiwe kwenye shafti ya giaboksi: iteleze bila kulazimishwa na isicheze ovyo. Boksi zuri lenye jina kubwa halithibitishi kilichomo ndani.

Mimi ni fundi kijana. Nimefunga klachi mpya kwenye Hilux, wiki mbili baadaye gari linatetemeka wakati wa kuondoka. Mwenye gari anasema nimemwekea kitu feki. Nimekosea wapi? (Mbeya)

Mdogo wangu, swali lako ndilo lililonifanya nitenge safu nzima kwa klachi. Klachi mpya huharibiwa mara nyingi na vitu vinavyoizunguka, vile ambavyo hukuvitazama giaboksi ilipokuwa chini.

Cha kwanza ni oili. Ile sili ya nyuma ya krenkishafti (shafti kuu ya injini) ikivuja hata tone tone, oili inarushwa mpaka kwenye pleti, na pleti iliyolowa inashika na kuachia, inashika na kuachia. Huo ndio mtetemeko. Sili ya mbele ya giaboksi nayo ni vilevile. Ukikuta unyevu ndani ya kengele ya giaboksi, lile kasha linalofunika klachi, badilisha sili kabla ya kitu kingine chochote. Pleti iliyokunywa oili haioshwi kwa petroli ikarudi kuwa nzima.

Cha pili ni flaiwili. Uliitazama? Madoa ya bluu na nyufa ndogo ndogo ni alama za moto wa klachi iliyopita. Uso wake ukiwa na mabonde, mpelekee mkereza aunyooshe, na kama umelika kupita kipimo, tafuta nyingine. Baada ya hapo ifute kwa dawa ya kusafishia breki na kitambaa safi, na usiishike tena kwa mikono yenye grisi. Flaiwili zile za vipande viwili vyenye springi ndani, zilizo kwenye dizeli nyingi za kisasa, hazikerezwi kiholela.

Grisi nayo imeua pleti nyingi. Meno ya shafti yanataka utando mwembamba tu, kisha ingiza pleti, itoe, futa iliyosukumwa pembeni. Ukipaka kama mkate, joto na mzunguko vitairusha kwenye uso wa pleti.

Bolti za presha je, ulizikaza vipi? Ukikaza moja mpaka mwisho ndipo uende ya pili, unaipinda presha. Zikaze kwa kupishana, hii na ya upande wa pili yake, kidogo kidogo, raundi tatu au nne. Toyota nyingi ndogo zinataka 19 Nm hivi (hicho ni kipimo cha ukazaji). Angalia kitabu cha gari lako. Na pleti iwe katikati kabisa kwa kutumia kishikizo chake au shafti ya zamani, la sivyo giaboksi haitaingia na utaanza kuilazimisha kwa bolti.

Nikiwa bado najifunza, nilipandisha giaboksi ya pikapu na mwenzangu mmoja. Shafti ikaingia kwenye pleti, mwenzangu akaenda kutafuta bolti, giaboksi ikabaki inaning'inia kwa dakika chache. Tukafunga, mwenye gari akaondoka. Siku ya tatu akarudi: gia ya nyuma inasaga. Tuliposhusha, pleti mpya ilikuwa imepinda katikati kwa uzito ule. Nilinunua nyingine kwa pesa yangu, na ilikuwa haki. Tangu siku hiyo giaboksi yangu inakaa kwenye jeki, imenyooka na injini, mpaka bolti zote zishike.

Kwa hiyo ishushe tena, na mwite mwenye gari atazame pamoja na wewe. Kabla hujaingia chini toa waya wa hasi wa betri, na gari likae kwenye stendi, siyo jeki peke yake. Vumbi la klachi usilipulize kwa kompresa. Pleti za zamani zilikuwa na asbesto, na madhara yake kwenye mapafu hujitokeza miaka mingi baadaye. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Nimefunga klachi, pedeli imelala na gia haziingii. (Tanga)

Kama ulifungua bomba la mafuta ya klachi, kuna upepo ndani. Jaza kopo la mafuta hayo, mwenzako akanyage pedeli taratibu mara kadhaa kisha aishikilie chini, wewe ufungue skrubu ya kutolea upepo na kuifunga kabla hajaachia. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kopo lisikauke katikati ya kazi. Tumia mafuta ya breki tu. Oili ya injini huvimbisha mipira ya silinda.

Kama upepo umeisha na gia bado hazikubali, naogopa pleti imegeuzwa. Kwa kawaida upande wenye springi zilizojitokeza hutazama giaboksi.

Nikikanyaga klachi kuna mlio, nikiachia unaisha. (Nakuru)

Beringi ya rilizi. Ingekuwa kinyume chake, mlio upo ukiwa umeachia na unaisha ukikanyaga, ningeshuku beringi ya mbele ya giaboksi.

Na sisi wa bodaboda? Nimebadilisha pleti za pikipiki, bado inateleza. (Mwanza)

Klachi yako inaogelea kwenye oili, kwa hiyo oili ndiyo ya kuuliza kwanza. Tafuta iliyoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi kama yako. Oili nyingi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na pleti zako zinaishi kwa msuguano. Pleti mpya ziloweke kwenye oili saa kadhaa kabla ya kuzifunga. Pia angalia waya wa klachi: usipokuwa na ulegevu kidogo kwenye mkono wa kushikia, klachi haishiki yote.

Nimeendesha malori miaka mingi. Sasa gari analo mwanangu, na klachi mpya aliyofungiwa nahofia haitafika mbali. Nimwambie nini? (Mzee, Iringa)

Shikamoo, mzee wangu. Mwambie kilomita 500 za mwanzo asibebe mzigo mzito wala kuondoka kwa resi kubwa, ili pleti na flaiwili vipate kuzoeana. Baada ya hapo, kwenye foleni ya mlimani alizuie gari kwa hendibreki, asilizuie kwa klachi. Na siku moja panda naye, ukae kiti cha pembeni, utazame mguu wake wa kushoto unapumzika wapi gari likiwa kwenye mwendo.