Swali la lugha: "Wamekunywa Kool-Aid" kwa Kiswahili?

SWALI: Natafsiri makala ya biashara. Mwandishi, Mmarekani, anasema wafanyakazi wote wa kampuni fulani "have drunk the Kool-Aid", yaani wanaishabikia bidhaa yao kupita kiasi. Niliandika "wamekunywa Kool-Aid", mhariri akakata. Niandikeje?

JIBU: Mhariri amefanya vema. Kool-Aid ni unga wa rangi unaokorogwa na maji na sukari kupata sharubati. Ulibuniwa Nebraska mwaka 1927. Msomaji wa Morogoro au Eldoret ataelewa kwamba wafanyakazi waliandaliwa vinywaji, basi.

Kuna sababu nzito zaidi. Nahau hii imetokana na msiba wa tarehe 18 Novemba 1978 huko Jonestown, Guyana, ambako wafuasi zaidi ya 900 wa mhubiri Jim Jones walikufa, karibu wote kwa sharubati ya zabibu iliyotiwa sumu ya sayanaidi. Hata jina la bidhaa limekosewa, kwa kuwa paketi zilizotumika zaidi zilikuwa za Flavor Aid. Takriban theluthi moja ya waliokufa walikuwa watoto. Wadogo kabisa walimiminiwa sumu mdomoni kwa bomba la sindano, huku walinzi wenye silaha wamezunguka. Fikiria mtu akisifu timu ya mauzo kwa kuitaja Shakahola, Kenya, ambako mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri. Hakuna mhariri wa Kiswahili angeipitisha, na Jonestown nako kuna wafu wake.

Sasa tafsiri. Kabla ya kuchagua neno, jiulize: mshabiki huyu alijitakia mwenyewe, au alitendwa? Kiingereza kinasema "alikunywa" kwa hali zote mbili. Kiswahili hutenganisha.

Kama alijitakia, tunayo nahau ya kunywa iliyo yetu. Mitaani Tanzania askari asiyesikia la ndugu wala la rafiki husemwa "kanywa maji ya bendera", kutokana na imani kwamba makuruta hunyweshwa maji yaliyosuuziwa bendera. Leo husemwa hata kwa mfanyakazi anayeitetea ofisi yake usiku na mchana. Inabeba utii, ukaidi na kejeli kidogo, karibu sawasawa na ile ya Kimarekani. Kasoro yake ni kwamba si kila msomaji nje ya Tanzania ataidaka.

Linalofahamika kwa mapana zaidi ni "mkereketwa". Kukereketa ni koo kuwasha. Mkereketwa basi ni mtu ambaye jambo linamkuna, hawezi kunyamaza. Angalia tu kwamba neno limezoea majukwaa ya vyama vya siasa. "Kindakindaki" na "lialia" waachie mashabiki wa soka wa Simba na Yanga. "Wamepagawa" pia lina mipaka: pepo hupanda na kushuka, kwa hiyo linafaa ngoma ya usiku mmoja, si mapenzi ya miaka kumi kwa kampuni.

Kama alitendwa, kitenzi kigeuke kuwa cha kutendwa: "wamelishwa kasumba". Kasumba asili yake ni afyuni, na leo ni fikra za kupumbaza anazopandikizwa mtu. Hapa lawama inamwendea mlishaji, jambo ambalo Kiingereza kinalificha. Lakini usimpe neno hili mtu unayemsifu, ni tusi. "Limbwata" nalo hulishwa, ila ni dawa ya mapenzi, na kwa desturi mke ndiye humlisha mume. Ukilipeleka kwenye makala ya biashara litaleta kicheko usichokikusudia.

Kwa sentensi yako, ikiwa mwandishi anasifu: "Wafanyakazi wote ni wakereketwa wa bidhaa yao." Akikejeli, na wasomaji wako ni Watanzania: "Wafanyakazi wote wameshakunywa maji ya bendera." Akilaumu uongozi: "Wamelishwa kasumba, hawaoni tena kasoro ya bidhaa yao." Soma aya inayotangulia na inayofuata, humo utaona ni ipi kati ya hizo tatu.