Maswali Yenu: Mwanaidi, Simu ya Mama na Gemu ya Kuzidisha

Safari hii nimeweka pamoja maswali ya wanaotengeneza gemu ndogo za kujifunzia, zile za kuchezwa dakika chache mtu akaendelea na shughuli zake.

Tunaambiwa tubuni mtumiaji wa kufikirika kabla ya kuanza. Mtaani kwangu watoto wamejaa, wa kubuni wa nini?

Hao wa mtaani ndio malighafi yako. Watazame wakicheza, kisha kutokana na ulichokiona umuunde mmoja. Njia hii ilienezwa na Alan Cooper, mbunifu wa programu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1999. Hoja yake ilikuwa kwamba "mtumiaji" asiye na sura huvutwa kila upande: leo mjuzi, kesho mgeni wa kompyuta, kutegemea fundi anatetea nini. Mwenye jina havutiki hivyo. Tuseme ni Mwanaidi, miaka 9, darasa la tatu, Pangani, anachezea simu ya mama yake baada ya chakula cha usiku. Nani atathubutu kudai kwamba Mwanaidi atasoma kwanza ukurasa mzima wa maelekezo?

Wasifu wa mhusika wangu umefika kurasa tatu: rangi aipendayo, ndoto zake, upole wake. Bado nini?

Bado kufuta. Kila mstari uulize umekuzuia kufanya nini. Simu ni ya mama, na mama akipigiwa Mwanaidi ananyang'anywa palepale. Basi gemu ijihifadhi yenyewe kila hatua. Simu imejaa picha za WhatsApp. Basi gemu iwe ya MB chache. Bando hununuliwa la siku. Basi ichezeke bila intaneti. Mdogo wake amelala pembeni na sauti imezimwa. Basi jambo la maana lisitegemee mlio peke yake. Ndoto ya urubani imebadilisha kitufe gani? Ifute.

Katika gemu yangu mtoto anaruka vizuizi, mara linatokea swali: 7 mara 8? Akikosea anarudishwa nyuma. Watoto wanaiacha mapema.

Wana haki. Umewapa mchezo, halafu ukawawekea msimamizi wa mtihani njiani. Maswali yote yakiondolewa, gemu yako haipungukiwi kitu, na hapo ndipo kasoro ilipo.

Litazame bao la kiswahili: mashimo 32, kete 64, na hakuna anayekuuliza hesabu. Lakini usipopiga hesabu kete yako ya mwisho itaangukia wapi, utalala, na mwenzio atakula. Kuhesabu ndiko kucheza.

Kwa Mwanaidi ningejaribu jahazi. Ana masanduku 24 ya kupakia. Safu 4 za masanduku 6 zinaenea vizuri. Safu 3 za 8 zinatokeza nje ya sitaha. Safari inayofuata ni masanduku 36, na jahazi lina umbo jingine. Akikosea, sanduku linaning'inia juu ya maji, analiona mwenyewe, analisogeza. Hakuna king'ora wala msalaba mwekundu. Na safari moja isizidi dakika mbili, maana mama anaweza kupigiwa wakati wowote. (Mvua ya nyota na vikombe vya ushindi kila akigusa kioo, binafsi siitaki.)

Naweza kumfanya mpwa wangu awe ndiye mhusika?

Hapana. Mpwa atakusifia tu, na habari za mtoto halisi hazifai kuzunguka kwenye mafaili ya kazi.

Je, nimbuni pia mama wa mhusika?

Mistari minne inamtosha. Yeye hachezi, ila ndiye anayefuta gemu. Matangazo yakianza kuruka kwenye simu yake, umekwisha.

Nitajuaje kwamba Mwanaidi wangu hayuko mbali na watoto wa kweli?

Mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangaza washindi mwaka 2019, yalipeleka tableti zenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu vijijini mkoani Tanga, kwa watoto wapatao 3,000. Kilichoamua ni watoto wenyewe: walipimwa kabla na baada.

Wewe watakutosha watoto wachache, kwa ridhaa ya wazazi wao. Mpe mmoja simu, tena ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka, kisha nyamaza. Kila unapotaka kusema "bonyeza pale", andika ni wapi. Kama wote wanaigeuza simu upande na Mwanaidi wako huwa anaishika wima, mbadilishe Mwanaidi kwanza, halafu ndipo urudi kwenye gemu.