Je, niwahamishie wanangu mali sasa ili kuepuka kodi ya urithi?

SWALI: Mimi ni mjane wa miaka 53, nimeajiriwa jijini, na nitastaafu nikitimiza miaka 60. Nina nyumba mbili za kupangisha na ploti niliyoinunua Kitengela. Dada yangu anayeishi Uingereza ameniambia kwamba serikali huchukua asilimia 40 ya urithi, na dalali mmoja ananihimiza niwaandikishe wanangu hatimiliki zote mapema. Nifanye nini, na akiba yangu ya kila mwezi niiweke wapi? – Mama wa Watatu, Donholm, Nairobi.

JIBU: Mama, nakusihi usitie sahihi hati yoyote kwa sababu ya hofu hiyo. Asilimia 40 aliyoitaja dada yako ni ya sheria ya Uingereza, na hata huko kwa kawaida hutozwa tu juu ya kiasi kinachozidi pauni 325,000. Kenya iliacha kutoza kodi ya urithi mwaka 1982. Ukiwaandikisha wanao nyumba hizo leo, pesa za pango utakazozitegemea uzeeni zitakuwa zao kisheria, nawe utabaki kuomba kilichokuwa chako.

Serikali hudai pale mali inapouzwa. Tangu Januari 2023, faida ya kuuza ardhi au nyumba hutozwa asilimia 15, ingawa mali ya marehemu inayouzwa kwa ajili ya kukamilisha mirathi husamehewa iwapo mauzo yatamalizika ndani ya miaka miwili tangu kifo. Kukiwa na kesi, miaka hiyo huhesabiwa kuanzia kesi inapoisha. Kwa hiyo kinachoziumiza familia nyingi ni ucheleweshaji: hakuna wosia, hatimiliki hazijulikani ziliko, na ndugu hawasikilizani. Andika wosia mbele ya mashahidi wawili wasiorithi chochote, umtaje msimamizi unayemwamini, na uweke pamoja hatimiliki, mikataba ya ununuzi na risiti za ukarabati, kwa kuwa gharama hizo hupunguza faida inayotozwa kodi. Usiache pia madeni ya kodi ya mapato ya nyumba, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango lote, maana deni la marehemu hulipwa kutokana na mali yake kabla ya warithi kupata chochote.

Akiba yako ningeianzia kwenye mpango binafsi wa pensheni uliosajiliwa na RBA, mamlaka inayosimamia mipango ya pensheni nchini. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, michango isiyozidi shilingi 30,000 kwa mwezi, ikijumlishwa na ile ya kazini, huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Kama kiwango chako cha juu cha kodi ya mapato ni asilimia 30, kuchangia shilingi 10,000 kutakupunguzia mfukoni 7,000 tu. Ukifikia umri wa kustaafu uliowekwa na mpango wako, malipo yake hayatozwi kodi. Tena, ukifariki kabla ya hapo, fedha hizo si sehemu ya mirathi: wadhamini, yaani wanaousimamia mpango, huwalipa wanufaika kwa kufuata kanuni za mpango, bila kungoja mahakama. Tafadhali ikague fomu yako ya wanufaika wiki hii, kwa kuwa huenda jina la marehemu mumeo bado limo.

Kinachozidi hapo kinaweza kununua hatifungani za miundombinu za serikali, yaani unaikopesha serikali fedha nayo inakulipa riba; riba hiyo hulipwa mara mbili kwa mwaka bila kukatwa kodi, ilhali hatifungani nyingine hukatwa asilimia 10 au 15 kulingana na muda wake. Usiweke humo fedha za dharura, kwani ukilazimika kuuza kabla ya muda kuisha unaweza kupata hasara.

Kuhusu ploti, ikiwa haikuingizii chochote na hakuna mtoto anayekusudia kujenga hapo, ningekuwa wewe ningeiuza ningali kazini na kuziingiza fedha hizo katika hatifungani. Ardhi ya mtu binafsi inayouzwa kwa bei isiyozidi shilingi milioni 3 haitozwi kodi ya faida, basi mwite mthamini aliyesajiliwa kabla ya kumsikiliza dalali.