Nambari Zote Si za Kujumlishwa

SWALI: Mhariri, pokea salamu. Nimewahoji abiria wa feri ya Likoni na kuandika eneobunge la kila mmoja kwa nambari: Changamwe 1, Jomvu 2, Kisauni 3, Nyali 4, Likoni 5, Mvita 6. Kompyuta imenipa wastani wa 4.3, ila msimamizi wangu ameukataa. Amenikosoa pia kwa kuandika kuwa waliofika saa nne asubuhi walichelewa maradufu ya waliofika saa mbili. Nimekosea wapi? – Mwanafunzi, Kisauni.

JIBU: Msimamizi wako ana haki. Kompyuta hujumlisha chochote inachopewa, na haijui kwamba 3 yako ni Kisauni. Hizo ndizo nambari zinazotumiwa katika uchaguzi pia, lakini hakuna anayedai kwamba Mvita ni Changamwe mara sita. Hapo nambari ni jina tu, na unachoweza kufanya ni kuhesabu ni abiria wangapi wametoka wapi.

Mwaka 1946, mwanasaikolojia Mmarekani S. S. Stevens aligawa vipimo katika ngazi nne: majina, mpangilio, vipindi sawa na uwiano. Ya mpangilio haina ugumu: anayesema “nimeridhika sana” yuko juu ya aliyesema “nimeridhika”, ingawa hatujui kwa kiasi gani.

Kosa lako la saa lanipendeza zaidi, kwa kuwa sisi Waswahili tuna ushahidi wake mikononi. Saa mbili na saa nne zetu, tunazozihesabu tangu kucha, simu yako huziandika 8 na 10, kwa sababu yenyewe huanza usiku wa manane. Maradufu yako imetoweka, lakini tofauti ya saa mbili imebaki palepale. Hiyo ndiyo alama ya vipindi sawa: sifuri yake imewekwa kwa mapatano, kama ile ya nyuzi za Selsiasi, kwa hiyo kutoa kunafaa, kugawanya hakufai. Muda wa kungoja feri ni jambo jingine, ni wa ngazi ya uwiano, maana sifuri yake ni kutongoja kabisa, na dakika 40 ni maradufu ya 20 kwa saa yoyote ile.

Usichanganye ngazi hizo na aina ya kigeu, yaani ya kile unachokipima. Idadi ya safari kwa wiki huhesabika moja moja, ilhali muda hugawika bila kikomo. Vyote viwili ni vya uwiano.

Basi geuza saa za kufika ziwe dakika za kungoja, mradi uliwauliza pia walipanda saa ngapi. Kama hukuuliza, itakubidi urudi Likoni.