Re: Nauza mitumba Kisumu peke yangu, nitapata wapi wenzangu wa kushauriana?
Pole dada, huo upweke naujua. Mimi wangu niliwapata palepale soko la Kibuye. Jumapili moja, siku soko hujaa, mama wa kibanda cha pili aliniambia tununue belo, lile furushi zima la mitumba, pamoja, nusu kwa nusu, yeye akachukua za watoto mimi nikabaki na sweta. Kumbe kamera, zile nguo safi za daraja la kwanza, zilikuwa chache, ingine yote fagia, yaani za hali ya chini, lakini hasara tuligawana na tukalia pamoja. Saa hii tuko sita, tunachanga kila Jumatatu jioni, na si pesa tu, ni kuwa na mtu wa kukushikia kibanda ukikimbiza mtoto hospitali. Magrupu makubwa ya WhatsApp achana nayo, huko ni matangazo tu. Jirani yako wa kibanda anauza nini?